Siku Ishirini na Nane za Profesa

Isansa, Mbozi
Jumanne, 14 Januari 2025

Kwa Babu Sufiani, mwenye bucha, Mpemba, Tunduma.

Shikamoo Babu.

Mimi ni Enesi, binti wa Anyosisye wa bondeni. Ukija kwetu kununua ng'ombe, mimi ndiye ninayeshika mlango wa zizi. Wewe hupenda kuniuliza kama ulimi wangu nimeusahau shuleni. Sijawahi kukujibu, naomba unisamehe. Nilimaliza kidato cha nne mwezi wa kumi na moja, sasa nasubiri matokeo, na tangu baba aumie goti nachunga mimi.

Barua hii baba haijui. Nimeiandika mara nne na kuichana mara tatu.

Alhamisi iliyopita ulimchukua Profesa, yule maksai mwekundu. Ulimshika nundu, ukamwuliza baba kama unavyouliza kila mara, "Mzee Anyosisye, huyu amekula nini?" Baba akajibu kama anavyojibu kila mara, "Majani na maji ya bonde. Kingine hakijui." Mkacheka, mkapeana mikono.

Babu, safari hii haikuwa kweli. Tarehe 31 Desemba Profesa aliugua ndigana. Alikuwa amelala, hataki kuinuka, anapumua kama mtu aliyepanda mlima. Nilimchoma sindano kwa mkono wangu, kama bwana mifugo alivyonifundisha. Chupa ya dawa imeandikwa kwa Kiingereza kwamba mnyama asichinjwe kwa chakula mpaka zipite siku ishirini na nane. Wewe ulimchukua siku ya tisa. Ulisema ni wa walima wa harusi ya mjukuu wako Sabra. Nilikuwa hapo, nimeshika mlango, na sikusema neno.

Tafadhali usimchinje kabla ya tarehe 28 Januari. Kama umeshamchinja, sijui niseme nini.

Baba si mtu wa uongo. Nadhani alijibu kwa mazoea. Pia ana mzigo. Kuna mtu anaitwa Boazi anataka bonde letu. Anataka kuchimba mitaro, maji yatoke, alime nyanya. Baba alimwambia mama nikisikia, "Sufiani akiendelea kuchukua ng'ombe wetu, majani yatabaki. Siku akiacha, nampa Boazi bonde." Kwa hiyo naelewa ninachokifanya kwa kukuandikia.

Shuleni kwenye klabu ya mazingira tulifundishwa kwamba ng'ombe wanaharibu ardhi, na kwamba dunia ingekuwa nzuri zaidi watu wakipunguza nyama. Niliandika vizuri kwenye daftari, nikapata alama zote. Lakini baba huligawa bonde vipande kwa kamba ya katani. Ng'ombe wanakula kipande siku tatu, wanahama, na hawarudi mpaka majani yafike magotini. Mabonde ya jirani yaliyochimbwa mitaro yamekauka, na wenyewe huja kuteka maji kwetu mwezi wa tisa. Sikujua niandike wapi jambo hilo kwenye mtihani.

Mama Ferista, anayeleta maharage Tunduma kila Ijumaa, ndiye atakayekuletea. Ukijibu, mpe yeye. Tafadhali usipige simu, maana simu ni ya baba.

Mjukuu wako,
Enesi Anyosisye


Mpemba, Tunduma
Ijumaa, 17 Januari 2025

Mjukuu wangu Enesi,

Marahaba. Barua yako nimeipokea nikitoka msikitini, na Mama Ferista amesimama hapa ananihimiza niandike upesi kwa sababu gari lake halisubiri mtu.

Kwanza, vuta pumzi. Profesa yu hai. Amefungwa nyuma ya nyumba yangu, ananitazama kama mwenye nyumba anayemtazama mpangaji. Nilikuwa nimchinje kesho alfajiri, kwa ajili ya walima wa Jumapili. Umeniwahi kwa siku moja.

Nimeshaagiza ng'ombe mwingine kutoka kwa wale wanaonenepesha kwenye mazizi huku barabarani. Miezi mitatu tu mnyama anakuwa kama pipa. Mke wangu amenuna, alishawatangazia wageni wote nyama ya Isansa. Nimemwambia maksai ana miadi mpaka tarehe 28. Akasema, "Tangu lini ng'ombe akawa na miadi?" Sikumweleza zaidi.

Mimi ni mchinjaji. Watu wa dini yangu na watu wa dini yenu huniita niwachinjie, ili kwenye shughuli yao pasiwepo mgeni wa kukaa pembeni bila kula. Kazi hiyo inasimama juu ya jambo moja, kwamba nikisema nyama hii ni safi, iwe safi. Kwa hiyo asante. Baba yako sitamwambia kitu kwa sasa. Hayo ni yenu nyumbani.

Usihofu kuhusu chakula cha Profesa. Hapa Mpemba majani hakuna, ni vumbi na malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Lakini nimemnunulia gunia zima la pumba, na mahindi ya kuparaza. Tangu jana anakula kama bwana harusi. Tarehe 28 atakuwa amependeza.

Babu yako,
Sufiani


Isansa
Jumamosi, 18 Januari 2025

Babu Sufiani, shikamoo.

Barua yako imefika saa hii na ninakujibu nikiwa nimesimama. Tafadhali mwondolee pumba na mahindi yote leo hii. Profesa hajawahi kula nafaka maishani mwake. Baba huwa anasema tumbo la ng'ombe wa majani ni kama mtu aliyezoea kutembea kwa miguu, ukimpa nafaka nyingi ghafla ni sawa na kumlazimisha kukimbia. Linachachuka, linajaa hewa.

Mtafutie majani makavu, hata mabua ya mahindi. Kuna watu wa Mpemba wana mashamba nyuma ya makazi, waombe. Maji mengi. Mtembeze. Angalia kama anacheua. Kama hacheui na ubavu wake wa kushoto umevimba, mwite bwana mifugo hapo hapo, usingoje.

Mama Ferista haendi tena mpaka Ijumaa. Nampa Gasper wa bodaboda, amesema atakwenda Tunduma Jumatatu asubuhi kufuata vipuri, ataifikisha bucha. Nimemwomba aende kesho, akasema kesho anaimba kwaya.

Naomba sana Babu. Mwondolee leo.

Enesi


Mpemba, Tunduma
Jumanne, 21 Januari 2025

Mjukuu wangu Enesi,

Gasper alifika jana saa nne asubuhi. Profesa alikufa jana saa mbili.

Jumamosi jioni aliacha kula. Nikadhani ameshiba. Jumapili nyumba ilijaa wageni, sikwenda nyuma mpaka alasiri, nikamkuta amesimama anaunguruma, ubavu umekuwa kama ngoma. Nilimpa soda ya magadi, nikamzungusha uani. Bwana mifugo alikuwa Ndalambo kwenye chanjo, akafika jana yeye na kifo mlango mmoja. Alimpasua kunionyesha. Tumbo lote pumba imechachuka.

Kisu changu kilikuwa ukutani na sikukigusa. Kwa sababu ya dawa hakufaa, na alipokufa mwenyewe ndiyo kabisa, mzoga hauliwi. Vijana wanne walimsukuma kwa mkokoteni hadi shimo la taka. Njia nzima watu wananiuliza, "Mzee, leo bucha imehamia huku?" Mmoja akataka nimpe mguu kwa ajili ya mbwa wake. Nikamfukuza, maana mbwa naye ana tumbo.

Enesi, miaka thelathini na minne nimewajua ng'ombe. Nikimwona anatembea naweza kukwambia ini lake likoje. Lakini nilikuwa nawajua tangu siku wanapofika kwangu. Walichokula kabla ya hapo nilikuwa nauliza tu, naridhika na jibu. Nilidhani pumba ni heshima kwa mnyama. Nilikuwa nampa zaidi kila alipomaliza.

Jambo moja. Jumamosi alasiri simu ya baba yako iliniita. Nikaitika, "Haloo? Haloo, Mzee Anyosisye?" Kimya. Nikasikia kuku tu. Ikakatika. Nikadhani amebonyeza kwa bahati mbaya. Kama ni yeye na ana neno, mwambie anipigie.

Mwezi ujao sitakuja Isansa. Nahitaji kufikiri.

Sufiani


Isansa
Jumatatu, 27 Januari 2025

Babu Sufiani, shikamoo.

Haikuwa simu ya baba yangu. Ilikuwa yake, lakini niliyepiga ni mimi.

Jumamosi ile, baada ya kumpa Gasper barua, niliona haitafika kwa wakati. Baba alikuwa amelala na goti lake limefungwa. Nikachukua simu nikaenda nyuma ya ghala. Ulipoitika nilifungua mdomo. Maneno niliyokuwa nayo yote, mwondolee pumba, Babu, mwondolee, yalikuwa tayari kabisa. Ulisema haloo mara mbili na mimi nilikuwa nakusikia. Kisha nikakata. Nikajiambia kwamba barua itatosha. Nikafuta namba ili baba asiione.

Shuleni ilikuwa hivyo hivyo. Mwalimu akiniuliza jambo ninalolijua, nilikuwa nasimama mpaka aniambie kaa. Nilidhani ni tabia isiyomdhuru mtu. Profesa nilimlea tangu alipokuwa ndama. Angeishi kama ningesema maneno mawili kwenye simu.

Barua yako niliisoma juzi bondeni. Jana baada ya ibada nikamwambia baba yote. Nilimpa barua zako mbili azisome, kwa kuwa kusimulia nisingeweza. Alizisoma taratibu, akizishika mbali na macho. Mama alikuwa anachambua mboga, akaacha.

Baba akasema, "Kwa hiyo mtoto wangu ameniandikia mashtaka Tunduma."

Nikasema, "Hapana, baba."

"Nilikuwa nakula na kulala nyumba moja na wewe. Ungeniambia mimi."

Mama akasema, "Alikuambia. Mwaka mpya, hapo hapo ulipokaa, alikusomea ile chupa. Ulimwambia ng'ombe akishapona dawa imeisha kazi yake."

Baba akainuka na fimbo yake akaenda bondeni, na goti lile, hakurudi mpaka chakula kikapoa. Aliporudi alisema tu kwamba Boazi anaweza kuja kupima.

Matokeo yalitoka Alhamisi. Nimepata daraja la pili. Hakuna aliyekumbuka kuniuliza, na mimi sikusema.

Sikuombi uendelee kununua kwetu. Nilitaka tu ujue nani alikuwa kwenye simu.

Enesi


ISANSA
28/1/2025

NDUGU SUFIANI,

SALAAM. NAANDIKA MWENYEWE, SIO BINTI.

CHUPA NILISOMEWA. NILISIKIA VIZURI. ULIPONIULIZA AMEKULA NINI NILITAKA KUSEMA, NIKAONA UTAMWACHA. NIKAJIBU VILE NILIVYOZOEA. NI MIAKA KUMI NA SITA TUNAUZIANA, NA HIYO NI MARA YA KWANZA. SIKUOMBI UAMINI.

DUME JEUPE NI LAKO BADALA YA PROFESA. HAJAWAHI KUCHOMWA SINDANO. MCHUKUE UTAKAPO.

ENESI USIMLAUMU. KAMA NI LAWAMA NJOO NAYO KWANGU.

ANYOSISYE


Mpemba, Tunduma
Ijumaa, 31 Januari 2025

Kwa Anyosisye na Enesi. Barua hii ni moja, msome pamoja.

Assalaam. Nimepokea barua zenu mbili kwa siku moja. Mama Ferista anasema sasa amekuwa posta, anataka sare.

Nimezisoma nikiwa bucha, nikafunga mlango mapema. Wateja wamegonga wakachoka. Kila mmoja wenu amesema lake, kwa hiyo na mimi niseme langu, maana mnadhani aliyekosewa ni mimi.

Alhamisi ile ya tarehe 9 nilikuja Isansa kukuambia, Anyosisye, kwamba Profesa ndiye wa mwisho. Nilikuwa nimeshaamua tangu Desemba. Ng'ombe wako wanachukua miaka minne kukua. Mafuta yao ni ya njano kama siagi. Mimi najua hiyo njano ni majani, lakini mteja wa siku hizi akiiona anasema, "Mzee, huyu umemtoa makumbusho?" Anataka mafuta meupe, nyama laini, kwa haraka. Wa kwenye mazizi nawapata wakati wowote, nikipiga simu tu wanaletwa mlangoni. Nilikuwa nimepanga maneno yangu njia nzima. Nikafika, ukanipa kiti, mama akaleta chai na viazi, nikashika nundu ya ng'ombe, nikauliza swali langu la siku zote. Nikaondoka. Nilitaka siku moja uone tu siji.

Kwa hiyo pale zizini tulikuwa watu watatu, na kila mmoja alikuwa na neno ambalo hakulisema. Aliyesema baadaye ni mtoto peke yake, na kwa hasara yake.

Dume jeupe simchukui. Profesa nilimwua mimi kwa gunia langu.

Nyama ya walima, ile ya kunenepeshwa, watu waliisifu. Siwezi kudanganya. Mimi nilikula kidogo. Ndipo nikaona sijui alikula nini yule, alichomwa nini, lini. Nilimpigia aliyeniuzia nikamwuliza. Akacheka, akasema, "Babu, unataka na cheti chake cha ubatizo?"

Nitakuja Alhamisi. Yaliyobaki nitayasema kwa mdomo. Anyosisye, kama Boazi hajaanza kuchimba, mwambie angoje siku hizo sita.

Sufiani


Isansa
Jumatano, 12 Februari 2025

Babu Sufiani, shikamoo.

Natumaini ulifika salama na mgongo umetulia baada ya ile barabara.

Ulipoondoka Alhamisi, baba alikaa mahali ulipokuwa umekaa. Alimweleza mama kwamba utanunua ng'ombe wawili tu kwa mwaka. Mama alimwuliza, "Sasa wawili kwa mwaka watatosha nini?" Baba akasema, "Sufiani amesema anachoweza. Afadhali wawili wa kweli." Najua si jibu alilokuwa akilitaka. Najua pia hukutaka kumwahidi zaidi ukijua utashindwa. Mmoja wa Idi na mmoja wa Desemba, kwa watu watakaoambiwa ni nyama gani na kwa nini mafuta yake ni ya njano. Nimeyaandika ukutani kwa mkaa.

Wawili hawawezi kubeba bonde zima. Jumamosi ng'ombe watano walikwenda Ndalambo kwa mjomba Luka. Niliwasindikiza hadi barabarani. Wamebaki sita. Sehemu ya chini ya bonde inakwenda kwa Boazi kwa miaka mitatu. Sehemu ya juu, yenye chemchemi, inabaki majani. Nimesoma tena daftari langu la klabu na nimeongeza ukurasa mmoja kuhusu vipande vya baba, siku ngapi kila kimoja, majani yanafika wapi. Sijui nitampelekea nani.

Jana Boazi alikuja kupima mpaka. Alikuja na vigingi, kamba, na vijana wake wawili wenye majembe. Baba alitembea nyuma kwa fimbo, mimi nyuma ya baba. Walianzia chini wakipanda, kigingi baada ya kigingi, na Boazi anaongea bila kupumzika, habari za bei za nyanya Zambia, habari za pampu. Baba anasema ndiyo, ndiyo. Goti linamuuma, alikuwa anatazama chini.

Kigingi cha mwisho Boazi alikipiga juu ya chemchemi. Juu, Babu, si chini. Chemchemi nzima ikabaki upande wake.

Nilingoja baba aseme. Alikuwa anafuta jasho. Vijana walishaanza kufunga kamba.

Nikasema, "Hapo hapana."

Ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Wote wakageuka. Nilihisi masikio yanaungua, lakini nilikuwa nimeshaanza. Nikasema, "Makubaliano ni chini ya chemchemi. Ukichimba mtaro hapa, maji yatashuka yote, na mwezi wa tisa hata nyanya zako hazitakuwa na pa kunywa."

Boazi akamtazama baba. "Mzee, nipime na wewe au nipime na mtoto?"

Nilidhani baba atanikemea. Alinitazama muda mrefu, kama vile alikuwa anasikiliza kitu cha mbali, kisha akasema, "Hujasikia alivyosema?"

Boazi akacheka, akasema basi, hatua tano chini. Nikasema kumi na mbili, na nikazihesabu mwenyewe kwa sauti, nikashuka nazo mpaka mwisho nikasimama pale. Hakubishana. Labda aliona ni jambo dogo.

Najua mtaro wa chini utavuta maji kidogo, hata hivyo. Tutaona mwezi wa tisa kiasi gani.

Mmoja wa vijana wake alirudi juu kukifuata kile kigingi. Kilikuwa kimeingia sana, ilibidi akitikise kwa mikono miwili. Alipoking'oa, tundu likajaa maji.

Mjukuu wako,
Enesi